Kwa Mamlaka ya Nani? Ngome ya Ticonderoga na Swali la Luteni

Alfajiri ya tarehe 10 Mei 1775, katika ngome ya mpakani iitwayo Ticonderoga, kaskazini mwa koloni la New York, luteni mmoja wa jeshi la Mfalme wa Uingereza, Jocelyn Feltham, aligutushwa usingizini na kelele za watu waliojaa uani. Alikimbilia mlango wa kapteni wake akabisha, akarudi kutafuta koti lake, kisha akatokeza mbele ya umati ule hali suruali yake ameishika mkononi. Walikuwa wanaume 80 na kidogo, wengi wao wakulima, wenye bunduki, na baadhi yao wakipaza sauti kwamba hakuna atakayehurumiwa. Luteni huyo hakuwa na jeshi la kuamrisha wala nafasi ya kukimbia. Akawauliza swali: mmeingia katika ngome ya Mfalme kwa mamlaka ya nani?

Sisi tuliofunzwa sheria tunamstahi luteni huyo kuliko wanahistoria wengi wanavyomstahi. Wao wamemfanya kichekesho cha kisa hiki. Lakini swali alilouliza ndilo swali la kwanza la katiba yoyote ile, na wasomaji wetu walio waumini wanalijua fika, kwani wakuu wa makuhani na wazee walimwuliza Bwana wetu swali hilohilo alipokuwa akifundisha hekaluni. Waliouliza hawakuwa na nia njema, na Bwana hakuwajibu; aliwarudishia swali lao. Lakini swali lenyewe hakulitangua.

Tunaandika juu ya Ticonderoga kwa sababu kisa hiki kimeanza kutajwa katika mikutano yetu, na kutajwa kwa namna isiyo sawa. Tangu tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia katika majengo ya Bunge, Nairobi, wakipinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo, wapo wenzetu wanaosema kwamba uhuru wa mataifa huanza hivyo: watu wachache wenye ujasiri, usiku mmoja, lango moja, na yaliyobaki hujipa. Wamarekani wenyewe, husema, walianza kwa kuteka ngome bila kumwuliza mtu. Ni kweli waliiteka bila kumwuliza mtu. Si kweli kwamba yaliyobaki yalijipa.

Ngome yenyewe ilijengwa na Wafaransa kuanzia mwaka 1755, wakaiita Carillon. Inasimama pale maji ya Ziwa George yanaposhuka kuingia Ziwa Champlain, na katika zama ambazo njia ya maana ilikuwa njia ya maji, aliyeishika alishika mlango baina ya Kanada na makoloni ya Waingereza. Julai 1758 Jenerali Abercromby aliishambulia akiwa na watu wapatao 16,000 dhidi ya Wafaransa wasiotimia 4,000, akashindwa vibaya, watu wake wapatao 2,000 wakiuawa ama kujeruhiwa. Mwaka uliofuata Waingereza waliipata, lakini baada ya Wafaransa kulipua ghala la baruti. Kufikia mwaka 1775 vita vya Wafaransa vilikuwa vimekwisha, kuta zimebomoka, na ndani yake mlikuwa na askari wapatao 50 tu chini ya Kapteni William Delaplace, pamoja na wanawake na watoto wa askari hao. Utawala mkongwe mara nyingi huonekana hivyo kwa anayeutazama kwa karibu: nje mizinga, ndani boriti zilizooza.

Ni akina nani basi walioiteka? Hapa yafaa tutue, maana bila kuelewa chanzo cha hasira yao hatutaelewa walichokitafuta. Walijiita Vijana wa Milima ya Kijani, na kiongozi wao alikuwa Ethan Allen. Jeshi lao halikuundwa kwa ajili ya kodi ya chai wala kwa ajili ya uhuru wa Marekani. Liliundwa kwa ajili ya hati za mashamba. Gavana wa New Hampshire, Benning Wentworth, alikuwa amegawa ardhi ya magharibi ya Mto Connecticut katika vitongoji zaidi ya 100, akipokea ada, na katika kila kitongoji akijitengea mwenyewe ekari 500. Mkenya hahitaji kufasiriwa jambo hilo. Kisha mwaka 1764 Mfalme akaamua kwamba mpaka wa New York unafika mto huo, na wakubwa wa New York wakaanza kutoa hati nyingine juu ya ardhi ileile, wakiwataka waliokwisha kununua walipe upya au waondoke.

Mwaka 1770 kesi za kuwafukuza walowezi hao zilisikizwa mjini Albany. Mahakama ilikataa hata kuzipokea hati za New Hampshire kuwa ushahidi. Mawakili wakubwa wa upande wa New York, John Tabor Kempe, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa koloni hilo, na James Duane, walikuwa wenyewe na maslahi katika ardhi iliyogombaniwa. Ni shamba la mizabibu la Nabothi tena, ila safari hii Ahabu alivaa joho la uwakili. Inasimuliwa kwamba Allen aliyekuja kusimamia utetezi alimjibu Mwanasheria Mkuu kwa fumbo lililochotwa katika Kitabu cha Wafalme, juu ya miungu ya milima na miungu ya mabonde, kisha akarudi kwao kuunda mgambo. Walowezi hao hawakuwa malaika. Waliwachapa viboko watu wa New York, wakachoma nyumba zao, wakawatisha mahakimu, na New York ikatangaza zawadi kwa atakayemkamata Allen. Lakini mahakama ndiyo iliyofunga mlango kwanza. Jaji anayekataa kuiona hati ya mnyonge asishangae akiliona rungu lake.

Tarehe 19 Aprili 1775 damu ilimwagika Lexington na Concord, katika Massachusetts. Waasi waliouzingira mji wa Boston walikuwa na watu wengi na mizinga michache, na ilijulikana kwamba huko mpakani iko ngome yenye mizinga mingi na walinzi wachache. Ndipo ulipoanza mgogoro wa makaratasi, ambao kwetu sisi ndio moyo wa kisa.

Mabwana kadhaa wa Connecticut walichukua pauni 300 katika hazina ya koloni lao bila idhini ya bunge lake, wakatia sahihi hati za kuahidi kuzirudisha kutoka mifukoni mwao wenyewe, wakatuma watu waende kuzungumza na Allen. Tafadhali msomaji alione jambo hilo: walivunja utaratibu, lakini waliacha majina yao kwenye hati. Wakati huohuo Kamati ya Usalama ya Massachusetts, tarehe 3 Mei, ilimpa Benedict Arnold cheo cha kanali na ruhusa ya kukusanya watu hadi 400 kwa kazi ileile. Arnold alifika milimani akiwa na barua nzuri na karibu hana mtu nyuma yake. Allen alikuwa na watu na hakuwa na barua. Arnold alipodai kuwaongoza, wale wakulima walisema afadhali watundike bunduki begani warudi makwao. Hatimaye wakakubaliana kwa shingo upande kwamba wawili hao watatembea sambamba, wala Arnold hataamrisha mtu.

Usiku wa tarehe 9 walikusanyika kwenye hori la ng'ambo ya mashariki ya ziwa. Mashua zilikuwa chache. Kufikia karibu na kupambazuka walikuwa wamevuka watu 83 tu, na wakaamua kutowasubiri wenzao. Askari wa zamu langoni alifyatua bunduki ikakataa kulia. Mwingine alipigwa upanga kichwani bila kuuawa. Hakuna aliyekufa katika usiku ule, upande huu wala ule. Hayo ndiyo mapambano yote. Yalikwisha kabla askari hawajaamka sawasawa.

Turudi kwa luteni na swali lake. Alijibiwa nini? Hapa tunao mashahidi wawili, na ushahidi wao haupatani. Feltham aliandika taarifa kwa wakubwa wake Juni 1775, yaani majuma machache tu baada ya tukio. Anasema Arnold alimweleza kwa adabu kwamba ametumwa na Massachusetts, na Allen akasema amri zake zimetoka Connecticut na kwamba anataka ngome na mali yote ya Mfalme papo hapo. Shahidi wa pili ni Allen mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1779, baada ya miaka minne na kifungo kirefu. Humo anasema aliyetokea na suruali mkononi alikuwa kapteni, si luteni, na kwamba yeye alidai ngome ile kwa jina la Mwenyezi Mungu na la Kongresi ya Bara. Jibu hilo la pili ndilo watoto wa shule wa Marekani walilokaririshwa vizazi na vizazi.

Mwanasheria yeyote angempendelea shahidi wa kwanza. Aliandika mapema, aliandika habari ya kumfedhehesha, na hakuwa na kitabu cha kuuza. Lakini tuseme Allen alisema kweli. Je, jibu lake lilisimama? Kongresi aliyoitaja ilifungua kikao chake Philadelphia siku hiyohiyo ya tarehe 10 Mei. Alfajiri ile wajumbe walikuwa hawajakaa kitini. Haikuwa imemwagiza kitu Allen, wala haikujua kama yupo. Kuhusu yule Mkuu wa kwanza aliyetajwa, waumini wenzetu watapenda kujua kwamba mwaka 1785 mtu huyohuyo alichapisha kitabu kizima cha kukana ufunuo wa Maandiko na kuwashambulia wahubiri. Hatumhukumu kwa imani yake. Tunachosema ni kwamba jina la Mungu, likitajwa na mtu aliyekwisha kushika funguo, halimwongezei haki hata chembe. Mchungaji Timothy Njoya alipohubiri Januari 1990 dhidi ya utawala wa chama kimoja hakuwa ameshika ufunguo wowote, na hakujua nani angeshinda. Hiyo ni namna nyingine kabisa ya kulitaja jina hilo, na kanisa lenye hekima hulijua tofauti hiyo hata pale wateka ngome wanapokuja kuomba baraka.

Yaliyofuata mara baada ya ushindi hayatajwi sana mikutanoni. Wateka ngome walikuta akiba ya ramu ya Kapteni Delaplace, galoni 90, wakainywa. Wengine walipora. Arnold alijaribu kuwazuia, akatukanwa na kutishwa. Na hata hivyo, katikati ya ulevi ule, Allen alimwandikia kapteni stakabadhi ya pombe yake ili akadai malipo katika hazina ya Connecticut. Tumecheka tuliposoma habari hiyo, kisha tukaacha kucheka. Mtu aliyelewa kwa ushindi, anayemwandikia adui yake risiti, bado anajua kwamba siku moja ataulizwa.

Habari zilipofika Philadelphia, Kongresi ilishtuka. Wajumbe wengi bado walitumaini kupatana na Mfalme, na kumbe ngome yake imetekwa kwa jina lao. Tarehe 18 Mei walipitisha azimio. Walieleza kwamba wakaazi wa karibu na ngome hiyo wameichukua kwa kuhofia uvamizi kutoka Kanada, wakashauri mizinga ihamishiwe kusini mwa Ziwa George, na wakaagiza iandikwe orodha kamili ya mizinga na vifaa vyote, ili virudishwe salama maelewano ya zamani yatakapopatikana tena. Wakaazi wa mpakani walikasirika, na kwa haki: kuondoa mizinga ni kuwaacha wake na watoto wao uchi mbele ya jeshi la Kanada. Kabla mwezi haujaisha Kongresi iligeuza mwelekeo, ikaiomba Connecticut itume watu wa kuilinda ngome.

Wapo wanaolisoma azimio lile la kwanza kuwa ni woga. Sisi tunaiona orodha ile kuwa ndio mwanzo wa serikali. Watu 83 walikuwa wamechukua kitu kwa nguvu. Sasa baraza la wajumbe lilikuwa likisema: hiki si chako Allen, wala si chako Arnold, kihesabiwe, na mwenye kukitunza atatoa hesabu. Waliwaza kuirudishia Uingereza mizinga hiyo, na katika hilo walikosea utabiri. Hawakukosea kuihesabu.

Maana bila hesabu, angalia wawili wale. Allen na Arnold waligombana tangu ukingo wa ziwa hadi uani mwa ngome, kila mmoja akiandika barua zake kwa mabwana zake, kila mmoja akimpunguza mwenziwe. Taarifa nyingine zilimwacha Arnold nje kabisa. Juni 1775 kamati ya Massachusetts ilikwenda kumchunguza na kumweka chini ya ofisa wa Connecticut; akajiuzulu kwa hasira. Alikuwa askari hodari, na alipigania taifa jipya kwa ushujaa hadi akajeruhiwa vibaya Saratoga mwaka 1777, lakini kinyongo chake hakikupoa, na Septemba 1780 alipanga kuwauzia Waingereza ngome nyingine, ya West Point. Si haki kusema Ticonderoga ndiyo iliyomfanya msaliti. Deni na tamaa vilimfanyia kazi kubwa zaidi. Lakini mzozo wa nani ateremke mashua kwanza ulikuwa mahali pazuri pa kuanzia.

Sisi tulioishi mwaka 1992 tunalijua jambo hilo kwa maumivu. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, lango likawa wazi, na FORD ikagawanyika kuwa FORD-Kenya na FORD-Asili kabla ya kulivuka. Desemba 1992 Rais Moi alirudi madarakani kwa asilimia 36 hivi ya kura, kwa kuwa waliobaki walizigawana. Makanisa yalisihi, wazee walisihi. Kila upande ulikuwa na hoja njema juu ya nani mwenye watu na nani mwenye barua.

Watu wa Milima ya Kijani walilitatua swali la uongozi kwa njia ambayo tungependa kila kamati yetu ya wilaya iisome. Kongresi iliporuhusu kikosi chao kiingizwe katika jeshi, wajumbe wa kamati za vitongoji walikutana Dorset tarehe 27 Julai 1775 kumchagua kamanda. Allen alikuwa shujaa aliyetajwa kote makoloni. Kura zikapigwa: Seth Warner 41, mpinzani wake 5. Allen hakupewa hata cheo kidogo. Alilalamika katika barua kwamba wakulima wazee ndio waliomkataa, ilhali vijana walimtaka. Huenda ni kweli. Lakini hakukipindua kikao wala hakuunda mgambo wa pili. Alijiunga na safari ya Kanada kama mtu wa kujitolea, akakamatwa Montreal tarehe 25 Septemba 1775 katika shambulio la pupa lililothibitisha kwamba wazee wa Dorset walikuwa na macho. Alifungwa na Waingereza hadi mwaka 1778.

Na mizinga? Majira ya baridi ya 1775 Henry Knox, muuza vitabu wa Boston mwenye umri wa miaka 25, alitumwa na Washington kuichukua. Aliteua mizinga ipatayo 59 ya Ticonderoga na ya ngome jirani ya Crown Point, uzito wa takriban tani 60, akaivusha ziwa kwa mashua, kisha akaiburuta juu ya theluji kwa magari yasiyo na magurudumu yaliyokokotwa na maksai na farasi, karibu kilomita 480. Mmoja ulizama barafu ilipovunjika mtoni, na watu wa Albany wakatoka kusaidia kuuopoa. Machi 1776 mizinga hiyo ilipandishwa kwenye vilima vya Dorchester juu ya Boston, na tarehe 17 mwezi huo jeshi la Uingereza likapanda merikebu likaondoka. Usiku mmoja wa Allen ulizaa matunda kwa sababu ya majuma mengi ya maksai wa Knox, na hao hawana wimbo mikutanoni.

Tulisema tunalo la kusema juu ya Juni 2024. Kwa maoni yetu, vijana wale walikuwa na hati bora kuliko ya Allen. Ibara ya 1 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya, nao wanaweza kuyatumia wenyewe moja kwa moja au kupitia wawakilishi wao, kwa kufuata Katiba hiyo. Ibara ya 37 inawapa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Hatusemi kwamba kila kilichotendwa siku ile ndani ya majengo yale kilikuwa halali. Kuchoma na kuvunja hakumo katika Ibara hiyo, na tuliwaambia hivyo vijana wetu. Lakini swali la Luteni Feltham halielekezwi upande mmoja tu. Aliyefyatua risasi barabarani siku ile naye anaulizwa: kwa mamlaka ya nani? Nani alitoa amri, kwa maandishi gani, chini ya sheria ipi? Kongresi iliweza kuagiza orodha kamili ya mizinga ya adui katika majuma mawili ya kikao chake cha kwanza. Wazazi wanaoshinda wakienda vituo vya polisi na vyumba vya maiti wanadai orodha iliyo fupi kuliko hiyo.

Na kwa vijana wenyewe, waliosema kwa fahari kwamba hawana kabila, hawana chama na hawana kiongozi, tunasema hivi kwa upendo. Kutokuwa na kiongozi kuliwalinda dhidi ya kununuliwa, na waliotangulia, sisi tukiwamo, tuliwapa kila sababu ya kuogopa viongozi. Lakini mswada uliondolewa, na kesho yake hapakuwa na Dorset. Palipokosekana watu 46 waliotumwa na vitongoji kupiga kura, waliojitokeza kusema kwa niaba ya vijana ni wale wenye sauti na wenye miadi ya kwenda kuonana na wakubwa. Swali la nani amewatuma hujibiwa na mtu fulani daima. Msipolijibu ninyi, litajibiwa juu yenu.

Ngome ya Ticonderoga yenyewe haikudumu mikononi mwa walioiteka. Julai 1777 Jenerali Burgoyne alishuka kutoka Kanada, akapandisha mizinga kwenye kilima kilichokuwa kimeachwa bila ulinzi, na usiku wa kuamkia tarehe 6 Wamarekani wakaihama bila kupigana. Walinzi wa 1777 walikuwa maelfu, si 50, na bado iliponyoka. Lakini siku zizo hizo, katika kijiji cha Windsor, wajumbe wa vitongoji vya Milima ya Kijani walikuwa wameketi wakiandika katiba ya nchi yao mpya, Vermont. Habari ya kuanguka kwa ngome iliwafikia wakiwa kikaoni, na baadhi yao familia zao zilikuwa katika njia ya jeshi lile. Tarehe 8 Julai 1777 waliikamilisha. Iliwapa wanaume kura bila kujali kama wana mali, na ilikataza mwanamume aliyetimiza miaka 21 na mwanamke aliyetimiza miaka 18 kushikwa utumwani. Hakuna koloni jingine kati ya yale yaliyoasi lililokuwa limeandika hivyo. Ngome ilipotea, maandishi ya Windsor yalibaki.

Hata ule ugomvi wa hati za mashamba uliozaa yote hayo haukumalizwa na bunduki. Ulimalizwa mwaka 1790, Vermont ilipokubali kuilipa New York dola 30,000 kufidia madai ya ardhi, na mwaka uliofuata ikapokelewa kuwa jimbo la 14. Wanaoamini kwamba dhuluma ya ardhi hukomeshwa kwa kumfukuza jirani usiku wangefaa kuzitafakari dola hizo.

Yapo madeni ambayo hawakuyalipa. Wamarekani Wenyeji wa Abenaki, ambao nchi ile ilikuwa yao kabla ya New Hampshire na New York kupigania hati zake, hawakuulizwa na mahakama ya Albany, wala na Allen, wala na wajumbe wa Windsor. Sisi ambao neno mlowezi lina ladha yake kinywani mwetu hatuwezi kulipita hilo kimya. Na kile kifungu cha utumwa kiliwaacha watoto nje, na mwanya wake ulitumika. Ni mwaka 2022 tu ambapo wapiga kura wa Vermont walikirekebisha kikataze utumwa bila sharti.

Mmoja wa askari waliotumwa kuilinda Ticonderoga mwaka 1776 alikuwa Lemuel Haynes, kijana wa miaka 23, mwana wa baba Mwafrika, aliyekuwa ametumikishwa kwa mkataba tangu utotoni hadi alipotimiza miaka 21. Aliugua huko homa kali akarudishwa nyumbani Massachusetts. Mwaka huohuo wa 1776 aliandika hoja ndefu, akiuchukua msingi ambao mabwana wa Philadelphia walikuwa wameujenga dhidi ya Mfalme na kuuliza kwa mamlaka gani mtu mweupe anamshika mtu mweusi, ilhali uhuru umetoka kwa Mungu yuleyule. Mwaka 1785 aliwekewa mikono kuwa mchungaji, na kuanzia mwaka 1788 alilitumikia kwa miaka 30 kanisa la wazungu la Rutland, katika Vermont, si mbali na ngome ile. Hoja yake ilibaki katika mwandiko wa mkono, na ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983.